Mwelekeo wa Pwani na Bara

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo hafifu wa mashariki, ardhi kavu.

Leo nimechapa mwelekeo wa mvua za msimu. Wataalamu wa makao makuu huutuma kwa lugha yao, nasi wa ofisi ya kanda tunaupunguza uwe kurasa mbili ambazo msomaji wa redio anaweza kuzimaliza bila kukata pumzi. Kazi hiyo ni yangu. Mimi si mtaalamu. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kuchapa na kupokea simu, na tangu wakati huo nachapa na kupokea simu.

Mwaka huu, maeneo ya bara: mvua za wastani hadi juu ya wastani, kuanza mapema, baridi na unyevu kuliko kawaida. Maeneo ya pwani: wastani hadi chini ya wastani, na vipindi virefu vya jua. Mwishoni huwa tunaweka ushauri, mwaka huu ukiwamo huu: wazee na watu wenye matatizo ya kifua wakingwe dhidi ya baridi na unyevu. Niliichapa sentensi hiyo, nikaifuta kwa kukosea herufi, nikaichapa tena. Sisi tuko bara. Mama ana kifua.

Mkuu wa ofisi aliisoma akiwa amesimama. Tunamwita Wastani, na anajua. Ukimuuliza habari ya nyumbani, "wastani." Chai ikoje, "wastani." Leo alisoma kurasa zote mbili, akaweka sahihi, akasema, "Umeandika vizuri."
Nikamwambia, "Asante, mkuu. Vizuri sana au vizuri kiasi?"
"Usinichokoze," akasema.

Saa ya kulala nitaijaza asubuhi, kama kawaida yangu. Kulala: saa saba usiku. Mama alikohoa sana, na ukuta wetu ni mwembamba.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi: kama jana.

Simu hazikukatika. Mmoja ana harusi ya mwanawe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikamsomea mwelekeo wote. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa dada yangu, nimekuelewa. Sasa niambie, nikodi turubai au nisikodi?" Nikamwambia mwelekeo ni wa msimu mzima, si wa siku moja. "Basi nikodi nusu?" akauliza.

Kulala: saa sita.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi: jua kali mapema mno, mawingu yanajikusanya milimani.

Dada amepiga simu. Yeye anaishi pwani, ni mkubwa wangu kwa miaka sita, na tangu utoto anaongea kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio.

"Nimesikia utabiri wenu redioni," akasema. "Bara kutakuwa na baridi na maji. Huku jua. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua Mama."
"Si utabiri, dada. Ni mwelekeo."
"Haya, na mwelekeo wenyewe unaelekea wapi? Si unaelekea huku kwangu?"
"Ni asilimia hamsini tu ya kuwa juu ya wastani. Si hukumu ya korti."
"Mdogo wangu, wazee wakingwe dhidi ya unyevu. Nimenukuu. Nani aliyeandika hayo?"

Angejuaje kwamba ni mimi? Bila shaka alijua.

Mama alikuwa kitandani, mlango wazi, anasikia kila kitu kwa sababu Dada haongei kwenye simu, anahutubia. Nilipokata akaniita. "Kitinda mimba wangu," akasema, "mkishaamua mimi nataka nini, mje mniambie."

Tangu Baba afariki nimekaa na Mama mimi peke yangu. Najua dawa ipi anameza kabla ya kula na ipi baada. Najua kikohozi cha kawaida na kikohozi cha kuniamsha. Dada huja mara moja kwa mwaka na begi dogo. Siwezi kuandika hapa kwamba sitaki Mama aende kwa sababu ya afya yake. Sitaki aende.

Kulala: saa nane.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi: mawingu mazito, hakuna mvua bado.

Nimefanya kazi ya maana leo. Kama hoja ya Dada ni unyevu, basi unyevu hautaingia. Nilinunua vipande vya sponji, nikavibana kwenye fremu za dirisha la Mama. Matundu ya hewa juu ya dirisha nimeyaziba kwa nailoni na selotepu, tabaka mbili. Chini ya mlango nimeweka taulo kuukuu lililokunjwa. Nikakaa katikati ya chumba nikawasha kiberiti kuona kama mwali utatikisika. Haukutikisika hata kidogo.

Mama alikuwa akinitazama kutoka kitandani. "Unafurahi," akasema.
"Nafurahi, Mama."
"Basi vizuri."

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi: manyunyu. Simu kumi na moja. Mwenye harusi amekodi turubai.

Jumatatu, 17 Machi
Asubuhi: mvua tangu kabla ya alfajiri.

Msimu umeanza, mapema, kama tulivyosema. Ofisini Wastani alikuwa karibu kutabasamu. Alikwenda mwenyewe kwenye kipima mvua uani, akarudi amelowa mabega. "Imeanza juu kidogo," akasema.

Nguo hazikauki nje. Nimefunga kamba chumbani kwa Mama, maana ndicho chumba chenye joto kuliko vyote sasa, na nimeanza kumwekea beseni la maji ya moto jioni avute mvuke, kifua kilegee.

Kulala: saa saba na nusu.

Alhamisi, 20 Machi
Asubuhi: mvua, kisha jua dogo.

Kikohozi kimezidi. Nilimpeleka kwa daktari. Foleni ilifika nje. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza, "Anakaa mahali penye unyevu?"
"Hapana kabisa," nikasema. "Nimeziba kila tundu."
Akaandika dawa ya maji na vidonge. Alitaka kuniuliza kitu kingine, lakini muuguzi alimwita.

Jumatatu, 24 Machi
Asubuhi: mvua.

Nyuma ya kabati la Mama pametokea madoa meusi ya ukungu, kama mtu amepiga ukuta kwa sifongo la wino. Baridi ya nje inapenya hadi kwenye ukuta. Nimeyafuta kwa siki, nikaongeza tabaka la tatu la nailoni. Mama hakusema kitu. Siku hizi analala mchana na mdomo wazi.

Kulala: saa nane, labda tisa.

Ijumaa, 28 Machi
Asubuhi: anga safi, baridi.

Dada amefika na begi lake dogo. Alinikumbatia haraka haraka kama anayehesabu mbavu, kisha akaenda moja kwa moja kwa Mama. Miwani yake ilifanya ukungu mara tu alipovuka mlango. Akasimama pale kama kipofu, anapapasa ukingo wa kitanda, Mama anacheka na kukohoa kwa pamoja. "Mwanangu mkubwa, niko huku, unamsalimia mto!"

Miwani ilikuwa imetoka kwenye ubaridi wa njiani, nikafikiri.

Dada atalala chumbani kwa Mama. Wanaondoka wiki ijayo, Jumamosi, ndivyo alivyosema. Hakuuliza.

Jumamosi, 29 Machi
Asubuhi: jua.

Nilipotoka sokoni nikakuta Dada ameng'oa sponji upande mmoja wa dirisha. Nikairudisha. Nilipotoka jikoni, imeng'olewa tena.

"Humu hamna hewa," akasema.
"Humu hamna unyevu," nikasema. "Kuna tofauti."
"Nimeamka mara tatu najihisi nimefunikwa blanketi lililolowa."
"Umezoea upepo wa kwenu."
"Na wewe umezoea nini? Kumfungia Mama kama kopo la siagi?"

Niliondoka kabla sijasema neno nililokuwa nalo mdomoni. Jioni nzima alikuwa anafungua, mimi nafunga. Kati ya zamu moja na nyingine Mama aliuliza, "Sasa ni ya nani, hii saa? Ya kufungua au ya kufunga?"

Jumatatu, 31 Machi
Asubuhi: anga wazi, umande mwingi.

Nataka kuiandika siku hii kwa utaratibu.

Ofisini tuna jozi ya akiba ya vipimajoto vya unyevu. Ni viwili pacha: kimoja kikavu, kingine kimevalishwa kitambaa chenye maji. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaa hukauka na kipimo chake hushuka sana. Hewa ikiwa imelowa, havipishani. Kila asubuhi huwa nasoma jozi iliyo ndani ya kibanda cheupe cha vipimo, uani. Nimeshavisoma maelfu ya mara, na daima nje, maana huko ndiko hali ya hewa iliko.

Nilimwomba Wastani niazime ile ya akiba kwa usiku mmoja.
"Kwa ajili ya nini?"
"Kumshinda dada yangu."
Akafikiri. "Iandike kwenye kitabu cha kuazima," akasema. "Na usiivunje ukishinda."

Nilifika nyumbani Dada akiwa amekwenda dukani, dirisha limefungwa (nilikuwa nimelifunga asubuhi). Nguo zilikuwa kwenye kamba, beseni la jana jioni bado liko chini ya kitanda. Nilitundika jozi kwenye msumari wa kabati, nikakaa kusubiri. Mama aliuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni ushahidi.

Nilipovisoma vilikuwa sawa. Karibu sawa kabisa, tofauti isiyofika nusu ya nyuzi. Nikadhani kitambaa kimekauka. Nikakilowesha, nikasubiri tena. Sawa. Nikavitoa nje barazani, mahali ambapo mvua ilikuwa imenyesha jana na sakafu bado ina madoa ya maji. Huko kile chenye kitambaa kikashuka nyuzi nne. Nikavirudisha ndani, vikapanda na kukaa bega kwa bega kama watu waliofungwa kwenye chumba kimoja.

Nilielewa nikiwa nimesimama na kile kifaa mkononi. Pumzi za Mama. Nguo mbichi. Mvuke wa beseni. Vyote nilikuwa nimevifungia humo pamoja naye kwa tabaka tatu za nailoni, na mwali wa kiberiti hautikisiki. Mahali penye unyevu kuliko pote katika kanda nzima, ambayo nimeiandikia kurasa mbili, palikuwa kitandani kwa mama yangu, na aliyepatengeneza ni mimi.

Nilianza na nailoni. Selotepu ilitoka na rangi ya ukuta. Nikang'oa sponji, nikatoa nguo, nikamwaga beseni, nikafungua dirisha hadi mwisho. Hewa iliingia na pazia likapanda juu kama mtu aliyeshtuliwa. Dada alirudi akanikuta juu ya kiti, na vipande vya selotepu nywelani.

Nilitaka aseme. Nilimsubiri aseme. Alitazama dirisha, akavitazama vipimajoto ambavyo hawezi kuvisoma, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Kumbe si miwani," akasema. "Mimi nilishapanga kwenda kununua mpya."

Kisha akapanda kwenye kitanda cha Mama kunishikia kiti kisicheze.

Baadaye, sote watatu tukiwa tumekaa na baridi ya jioni inaingia, nilimuuliza Mama kwa nini hakusema.
"Ulikuwa unaziba kwa furaha," akasema. "Nikaona nikuache umalize."
"Ungekufa, Mama!"
"Ningekohoa, ungesikia."

Dada alicheka kwanza. Nikamfuata. Sikumbuki lini tumecheka pamoja bila mmoja wetu kumcheka mwenzake.

Nikadhani sasa hoja imekwisha. Chumba kitakauka, Mama atabaki. Nikasema hivyo, kwa sauti ya chini. Dada hakubisha, alitazama mikono yake, na nikaona kwamba mikono ya dada yangu imezeeka. Mama ndiye aliyejibu.

"Mimi naenda," akasema. "Mvua haimo katika hili. Mtoto wangu huyu nimemwona kama mgeni miaka yote hii. Anakuja na begi, anakaa pembeni ya kitanda, anaangalia saa ya gari. Sijui anaamkaje. Sijui kwake anaweka wapi vijiko. Nataka kumwona akiwa kwake."



Kulala: sikulala, lakini kikohozi kilikuwa kidogo. Nilikisikiliza kikipungua.

Jumanne, 1 Aprili
Asubuhi: ukungu mwepesi, kisha jua.

Nimerudisha vipimajoto. Wastani aliuliza, "Umeshinda?"
"Chini ya wastani," nikasema. Mchana alinisogezea kikombe chake cha chai, kisha akagundua amekwishakinywea, akakirudisha.

Jumamosi, 5 Aprili
Asubuhi: mvua nyepesi.

Wameondoka. Nilimfundisha Dada dawa za kabla na za baada ya kula. Aliandika kila kitu, akanisomea, akarudia. Ni mtu makini kuliko nilivyomdhania. Ile sauti ya mahudhurio ni hofu ya kusahau mtu. Mama alikaa dirishani mwa basi, akanipungia mkono kama mtoto anayekwenda safari ya shule.

Chumba kiko wazi na kinanukia siki. Kulala: saa tisa. Sikuwa na kitu cha kusikiliza.

Jumatano, 9 Aprili
Asubuhi: mawingu, hakuna mvua. Kulala: saa nane.

Jumapili, 13 Aprili
Asubuhi: jua. Bara ni mvua za kawaida tu, si za kutisha.

Dada alipiga. "Huku ni kituo cha pwani," akasema, "tunaripoti. Mama amekula vizuri. Amehamisha vijiko vyangu vyote."

Kulala: saa tisa. Nyumba ikiwa kimya nasikia friji.

Alhamisi, 24 Aprili
Asubuhi: anga wazi hapa.

Pwani inanyesha kwa siku ya tatu mfululizo, mvua kubwa. Nimeziona takwimu zikiingia ofisini. Wastani hadi chini ya wastani, ndivyo nilivyochapa! Nilimpelekea Wastani karatasi.

"Tumekosea," nikasema.
"Tulisema kuna uwezekano mdogo wa kuwa juu," akasema. "Mdogo si sifuri. Kila mwaka nawaambia watu, na kila mwaka hakuna anayesikia." Akanitazama. "Mama yako yuko huko."
"Yuko huko."
"Piga simu kwa simu ya ofisi. Ongea unavyotaka."

Nilikuwa nimekwishapanga kichwani: basi la kesho, kumleta, kumlaza chumbani kwangu. Dada alipokea, na nyuma yake kulikuwa na mvua inayopiga bati hadi akawa anapiga kelele. Maji yamejaa mtaroni, akasema, lakini nyumba iko juu, hayafiki.

"Madirisha?" nikauliza.
"Nini?"
"Madirisha! Yako wazi?"
"Yote! Upande usio na upepo. Nguo nimeanika veranda. Unadhani sikujifunza?"

Akampa Mama simu. Mama hakusalimia. "Wewe mwanangu mchapaji," akasema, "jua lako uliloniandikia liko wapi?" Akacheka kicheko kirefu, kilichoshuka hadi chini, na mwishoni mwake hapakuwa na kikohozi. Nilisubiri kije. Hakikuja.

Sikukata tikiti ya basi.

Jumapili, 4 Mei
Asubuhi: manyunyu. Nimepaka rangi ukuta nyuma ya kabati. Kulala: saa saba.

Jumamosi, 17 Mei
Asubuhi: upepo, mawingu yanapita bila kusimama.

Dada alipiga hata bila Mama kutaka kuongea. Tulizungumza kuhusu bei ya rangi, kuhusu goti lake, kuhusu Baba alivyokuwa akipiga chafya hadi jirani anaitikia. Aliniuliza nalala vipi. Nikamwambia vibaya. Akasema kwa nini hukusema. Nikamwambia ulikuwa unampangia Mama kwa furaha.

Alhamisi, 29 Mei
Asubuhi: anga wazi, baridi kidogo, umande.

Leo nimechapa tathmini ya msimu. Maeneo ya bara: mvua zilikuwa za wastani. Maeneo ya pwani: juu ya wastani, tofauti na mwelekeo uliotolewa. Niliichapa bila kukosea herufi hata moja. Wastani aliweka sahihi.

Mama atarudi mwezi ujao. Hatarudi peke yake: Dada amechukua likizo ya mwezi mzima, na Mama amesema safari hii ni zamu yangu kumwona Dada anavyoamka. Nimeshaulizwa vijiko vyangu viko wapi.

Jioni nimehamishia godoro langu chumbani kwa Mama, dirisha wazi. Dada alipiga, nikamwambia asikate. Akaiweka simu kwenye stuli kati ya vitanda vyao viwili. Niliwasikia wakibishana kuhusu taa izimwe na nani, kisha Mama akipumua, pole pole, na mvua ndogo ya huko juu ya bati.

Asubuhi ya Ijumaa nimekuta simu chini ya mto, imeisha chaji, na sijui hata kidogo saa niliyolala, jambo ambalo halijatokea tangu nianze kuandika. Nilipoiwasha, ujumbe wa Dada ulikuwa unasubiri: "Umeanza kukoroma saa tatu kasoro kumi. Mama anasema kama Baba."

Kulala: saa tatu kasoro kumi, kwa mujibu wa kituo cha pwani.